Wapambe wa Ubongo na Uzito wa Mwili

Hakuna mwanamke mnene wa pwani yetu asiyeyajua maneno haya. Huambiwa na wifi jikoni, na shangazi ukumbini siku ya harusi, na pengine na mama mzazi mbele ya wageni: "Mwanangu, hebu jizuie kidogo na hicho chakula." Msemaji hudhani ametoa nasaha, na msemwa hucheka pamoja na wenziwe kisha akalia akifika kwake. Akishaondoka yeye, waliobaki huendelea na habari zake, na hapo nasaha imekwisha kuwa ghiba. Nyuma ya maneno yote hayo ipo imani moja, kwamba uzito wa mtu ni kipimo cha tamaa yake, na aliyeshindwa na mwili wake ameshindwa na nafsi yake.

Tumeona wiki hii tuichunguze imani hiyo, kwa kuwa wachunguzi wa ubongo wamepata katika miaka ya karibuni mambo yasiyoafikiana nayo.

Na jambo lenyewe si la watu wachache. Uchunguzi wa kitaifa wa afya na idadi ya watu wa mwaka 2014 ulionyesha kwamba asilimia 33 ya wanawake wa Kenya wenye umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa na uzito uliopita kiasi, wakiwamo wenye unene wa kupindukia. Katika uchunguzi uliotangulia, wa mwaka 2008 na 2009, walikuwa asilimia 25. Si rahisi kusadiki kwamba katika muda wa miaka mitano hivi wanawake wa nchi nzima waligeuka walafi. Kilichobadilika ni kingine, na sehemu yake tutaiona hapa chini.

Njaa haikai tumboni, ijapokuwa tumbo ndilo lipigalo kelele. Chini ya ubongo, kati kwa kati, pana kipande kidogo mfano wa lozi kiitwacho haipothalamasi. Hapo ndipo panapopimwa joto la mwili, kiu, usingizi na njaa. Ndani yake mna makundi mawili ya seli za neva yanayoshindana usiku na mchana: moja husema "kula", la pili husema "basi, yatosha". Seli hizo hazioni sahani wala hazionji mchuzi. Hungojea habari zije na damu, kutoka kwenye matumbo, kwenye kongosho na kwenye mafuta ya mwili yenyewe, na kwa habari hizo ndipo hukata shauri.

Namna habari hizo zilivyogunduliwa ni kisa kirefu kinachostahili kusimuliwa. Mwaka 1949, katika maabara ya Jackson iliyoko jimbo la Maine, Marekani, walionekana panya waliokula bila kukoma mpaka wakawa wanene mno. Miaka mingi baadaye mtafiti mmoja wa maabara hiyo, Douglas Coleman, aliunganisha mzunguko wa damu wa panya mnene na ule wa panya wa kawaida, na yule mnene akapunguza kula. Ikadhihirika kwamba damu ya mwenziwe ilimpelekea kitu ambacho yeye hakuwa nacho. Kitu hicho kilipatikana mwaka 1994, alipokigundua Jeffrey Friedman pamoja na wenzake katika Chuo Kikuu cha Rockefeller, New York. Ni homoni iliyopewa jina la leptini, kutokana na neno la Kiyunani lenye maana ya wembamba. Mafuta ya mwili ndiyo huitengeneza: yakiwa mengi, leptini huwa nyingi katika damu, na ubongo hujua kwamba ghala limejaa.

Mwaka 1997 watafiti wa Cambridge, Uingereza, walitangaza habari za watoto wawili, mtu na binamu yake, wa ukoo wenye asili ya Pakistan ambamo ndoa za ndugu kwa ndugu zilikuwa nyingi. Mkubwa wao alikuwa msichana wa miaka 8, na uzito wake ulikuwa kilo 86. Watoto hao walizaliwa miili yao ikiwa haiwezi kutengeneza leptini, kwa hiyo ubongo wao ulikuwa ukisadiki kila saa kwamba wanakufa kwa njaa. Msichana huyo alipoanza kudungwa sindano za leptini kila siku, alipungua kilo 16 hivi katika muda wa miezi 12, na hamu yake ya kula ikatulia. Hakufunzwa subira wala hakufungiwa kabati la chakula. Alipewa homoni aliyoikosa.

Baada ya ugunduzi huo wengi walitumai kwamba unene umepatiwa dawa. Haikuwa hivyo. Ukosefu wa leptini kama ule ni maradhi adimu sana, na wanene walio wengi wana leptini tele katika damu, tena zaidi ya wembamba. Barua zinaandikwa na zinafika mlangoni, lakini hazisomwi. Kwa nini hazisomwi? Swali hilo ndilo lililowapeleka wataalamu kwa seli ambazo hapo awali walikuwa wakizipita bila kuzitazama.

Tunaposema ubongo, aghalabu hukusudia seli za neva, zile zinazopelekeana umeme na kutuwezesha kufikiri. Kumbe hizo si zote. Mwaka 1856 tabibu wa Kijerumani, Rudolf Virchow, alikipa jina kile kilichojaza nafasi baina ya neva: alikiita glia, kwa neno la Kiyunani lenye maana ya gundi. Kwa zaidi ya miaka mia moja wengi waliamini kwamba kazi yake ni hiyo tu, kushikanisha. Mwaka 2009 mtaalamu wa Brazil, Suzana Herculano-Houzel, na wenzake walizihesabu seli za ubongo wa mwanadamu kwa njia mpya, wakapata seli za neva bilioni 86 hivi, na seli zisizo za neva bilioni 85 hivi, ambazo sehemu kubwa yake ni hizo glia. Nusu ya ubongo, basi, ilikuwa ikiitwa gundi.

Mfano wake tunao katika harusi zetu. Macho yote humwelekea bibi harusi, lakini nani aliyempaka hina? Nani aliyemsinga, akamvisha, akamfunza? Nani aliyekesha na masufuria ya biriani, na nani anayesimama mlangoni kuamua wa kuingia na wa kungoja? Wakigoma wapambe, somo na wapishi, harusi haipo, hata bibi harusi awe mzuri namna gani. Seli za neva ni bibi harusi. Glia ndio hao wengine wote, na katika kile kipande cha lozi kinachopima njaa, yafaa tuwajue watatu miongoni mwao.

Wa kwanza ni astrosaiti, seli zenye umbo la nyota. Mikono yao imeikumbatia mishipa ya damu upande mmoja na neva upande wa pili, na sukari inayotoka katika damu hupita kwao kwa sehemu kubwa. Kazi hiyo si ndogo, maana ubongo ni kama asilimia 2 tu ya uzito wa mwili, nao hutumia karibu asilimia 20 ya nishati yote mtu akiwa ametulia. Mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha Yale walionyesha kwamba astrosaiti wana vipokezi vya leptini vyao wenyewe. Panya walioondolewa vipokezi hivyo katika astrosaiti peke yao, neva zao zikiachwa salama, hawakuiitikia leptini sawasawa, na walipofunga walikula kupita kiasi baadaye. Miaka miwili mbele, uchunguzi uliofanywa na watafiti wa Munich, Ujerumani, ukaonyesha jambo la namna hiyo kuhusu insulini: astrosaiti wasipoisikia insulini, sukari haiingii katika ubongo kama ipasavyo, na neva za shibe huchelewa kujua kwamba mwili umeshapata riziki yake. Kwa hiyo mtu anaweza kuwa ameshiba tumboni, na ubongoni bado habari haijafika.

Wa pili ni tanisaiti. Hao wamejipanga kama ukuta kwenye chemchemi ya maji iliyo katikati ya ubongo, na kila mmoja ana mkia mrefu unaozama ndani ya haipothalamasi. Ndio walinzi wa mlango. Watafiti wa Lille, Ufaransa, walionyesha mwaka 2014 kwamba tanisaiti huichukua leptini kutoka katika damu na kuivusha ndani, na kwamba katika panya walioneneshwa uvushaji huo hukwama: leptini huingia katika seli ya mlinzi, isitoke upande wa pili. Hapo swali letu la barua zisizosomwa limepata sehemu ya jibu lake.

Wa tatu ndiye tunayetaka kukaa naye zaidi, naye ni mikroglia. Hizi ni seli ndogo za ulinzi, alizozieleza mtaalamu wa Kihispania Pío del Río Hortega mwaka 1919. Huzunguka zikiokota takataka, kupambana na vijidudu na kuitibu mikwaruzo ya ubongo. Zikihisi hatari hubadili umbo na kumwaga kemikali za vita, na mahali hapo pakawa na uvimbe wa kujikinga, mfano wa kidole kilichochomwa na mwiba kinavyowaka. Uvimbe huo ni neema ukija na kuondoka. Ukikaa, huwaunguza hata wenyeji.

Mwaka 2012 watafiti wa Chuo Kikuu cha Washington, mjini Seattle, walitoa habari iliyowashangaza wengi. Waliwapa panya chakula chenye mafuta mengi mno, kisha wakatazama haipothalamasi zao siku baada ya siku. Alama za uvimbe zilionekana kati ya siku ya kwanza na ya tatu, kabla panya hawajaongezeka uzito wa kutajika. Wiki ya kwanza haijaisha, glia zilikuwa zimevimba na kujikusanya, na seli za neva zimeanza kuonyesha dalili za kuumia. Kisha yakatulia, kana kwamba ubongo umejitibu. Lakini chakula kilipoendelea kuwa kile kile, uvimbe ulirudi, na safari hii haukuondoka. Tukidhani kwamba mtu hunenepa kwanza, na unene ndio unaomharibia mambo, mpangilio wa siku hizo unatupa sababu ya kufikiri upya: katika panya hao kilichotangulia kuharibika ni kile kipimo cha shibe.

Watafiti wengine, wa Chuo Kikuu cha California mjini San Francisco, walitaka kujua kama mikroglia ndio wahusika hasa au ni mashahidi tu. Katika kazi waliyoitoa mwaka 2017, walizipunguza seli hizo kwa dawa katika panya waliokuwa wakila mafuta mengi, na panya hao wakala kidogo zaidi na wakaongezeka uzito kidogo zaidi kuliko wenzao. Kisha wakafanya kinyume chake. Walichukua panya wanaokula chakula cha kawaida, wakaziamsha mikroglia zao kwa njia ya vinasaba ziwe kana kwamba ziko vitani. Panya hao walikula zaidi na kunenepa, ilhali chakula chao hakikuwa na ubaya wowote. Hawakuwa na tamaa mpya. Walikuwa na walinzi wenye hasira.

Wala si kula peke yake. Mwili hupanda na kushuka pia kwa namna unavyoichoma nishati, na wapambe wetu wanaonekana kuwa na mkono hata humo. Mwaka 2023 watafiti wa Korea Kusini walieleza kwamba katika panya wanene astrosaiti waliovimba hutoa kwa wingi kemikali inayozinyamazisha neva fulani ambazo huuhimiza mwili kuchoma mafuta. Walipoizuia kemikali hiyo kwa dawa, panya walipungua uzito ilhali chakula chao hakikupungua. Dada wawili wanaokula sinia moja na kuachana uzito kwa kilo ishirini, watu huwaona kila siku na kumshuku yule mnene kwamba anakula kwa siri. Huenda halili zaidi ya mwenziwe hata tonge.

Sasa ni haki tuseme panya si mwanadamu. Chakula walichopewa panya wa maabara aghalabu nishati yake zaidi ya nusu hutokana na mafuta, na hakuna nyumba tuijuayo inayopika hivyo asubuhi, mchana na jioni, hata mwezi wa Ramadhani. Ubongo wa mtu aliye hai haukatwi vipande ukatazamwe. Hata hivyo upo ushahidi wa picha. Watafiti wale wale wa Seattle waliwapiga watu picha za ubongo kwa mashine ya MRI, na katika haipothalamasi za wanene waliona alama zinazolingana na kuvimba kwa glia. Baadaye wakaonekana na watoto. Katika uchunguzi wa watoto wa umri wa miaka kumi hivi waliokuwa katika hatari ya kunenepa, waliokuwa na alama hizo zaidi ndio walioongezeka mafuta zaidi mwaka uliofuata. Picha haiwezi kutuambia kipi kimezaa kipi, lakini kwa mzazi umri huo wa miaka kumi hautakuwa neno jepesi.

Ipo na bishara. Mwaka 2014 ilionyeshwa kwamba panya walionenepeshwa kwa mafuta, waliporudishwa kwenye chakula cha kawaida na kuachwa kwa muda, uvimbe wa glia katika haipothalamasi zao ulipungua. Kilichovimba kinaweza kunywea. Huchukua muda, na huenda hili linaeleza kwa nini mlo wa haraka wa wiki mbili kabla ya harusi hauna baraka. Uzito unapopungua ghafla leptini nayo hushuka, ubongo hudhani njaa imeingia nchini, na neva za "kula" hupaza sauti. Mwanamke akirudia uzito wake wa zamani baada ya hapo huambiwa hana msimamo, na kumbe ametii amri iliyotoka mahali asipopaona.

Tunajua swali litakaloulizwa na mama mwenye busara: ikiwa ni seli, basi tule tu na tuziachie lawama? La. Habari hizi zinazidisha uzito wa jukumu la jikoni, na zinalihamisha pia. Linatoka kwenye shingo ya binti aliyekwisha kunenepa na kwenda kwa wote tunaopika, tunaonunua na tunaotuma watoto dukani. Mahamri kwa mbaazi si adui, wala wali wa nazi na samaki wa kupaka, vyakula ambavyo wazee wetu walivila baada ya kutwanga, kuteka maji na kutembea. Tunachokihofia ni mrundiko wa mafuta na sukari usiokatika: soda ya asubuhi, krispi za kutoka shule, chipsi za jioni, na juu yake sahani ya futari ambamo kila kitu kimetoka kwenye karai. Viazi karai, bajia, sambusa na kaimati kwa usiku mmoja, kwa siku thelathini mfululizo, ni neno la kutazamwa upya, na wengi wetu tunajua kwamba mezani huwekwa kwa ajili ya macho ya majirani kuliko matumbo ya waliofunga. Tende, uji, matunda na mchuzi mwepesi havijawahi kumvunjia mtu heshima.

Neno jingine ni la dawa. Chai za kupunguza tumbo na vidonge visivyo na jina la mtengenezaji vinauzwa siku hizi kwa simu, na wasichana wetu ndio wateja. Hakuna anayejua kilichomo ndani yake. Ziko pia sindano za kweli, za jamii ya semaglutaidi na liraglutaidi, ambazo huiga homoni ya shibe itokayo matumboni. Katika panya imeonekana kwamba ni wale wale walinzi wa mlango, tanisaiti, wanaoivusha liraglutaidi kuingia katika haipothalamasi. Hizo ni dawa zenye nguvu, zina madhara yake, hazimfai mja mzito, na mahali pake ni mkononi mwa daktari. Kumnunulia binti sindano kwa mtu asiye tabibu ni hatari.

Mwenye kutaka msaada aanze kwenye kituo cha afya kilicho karibu. Apimwe sukari na shinikizo la damu, na asimulie historia yake tangu uzazi wa kwanza, kwani wengi uzito huwaanzia hapo. Na achukue orodha ya dawa zote anazotumia, zikiwamo sindano za kupanga uzazi na dawa za kienyeji, maana baadhi ya dawa huongeza uzito zenyewe, na daktari akijua anaweza kuibadilisha.